Kwenye Bei ya Mbao, Hesabu na Vumbi

Tajiri mmoja wa mbao alipanda kutoka Uvira, akakuta mvule wetu hapa Luvungi umeshaangushwa, umechongwa pande nne, unangoja mashine. Hakutoa hata mita. Alilizunguka gogo, akalipiga teke, akasema: "Papa, mti umeota shambani kwako, hukuununua. Sasa bei yote hii ya nini?" Nikamuuliza kama mbuzi aliyezaliwa zizini kwake humuuza bure. Akavuta kiti.

Basi, hatua za kupanga bei ya mbao unazopasua mwenyewe. Ya kwanza: mti una thamani yake. Uliza mvule uliosimama unauzwaje, uingize kwenye gharama. Ya pili: mafuta, oili, mpasuaji, wabebaji, vizuizi vya njiani. Hayo unayajua. Ya tatu ndiyo inayofilisi watu: vumbi.

Gogo langu lilikuwa na unene wa sentimita 32. Tajiri alihesabu kichwani: mbao za sentimita 3, zitatoka 10. Nikamwambia asubiri. Mnyororo wa mashine hula karibu sentimita 1 kila unapopita, kwa hiyo kila ubao unakumalizia sentimita 4. Zilitoka 8. Ukigawanya gharama kwa 10, mbao 2 umeshazitoa sadaka kabla mteja hajafika. Mimi hukata kwanza kipande cha majaribio, napima upana wa njia ya mnyororo, naujumlisha na unene wa ubao, kisha nagawanya unene wa gogo kwa jumla hiyo. Jibu linalotoka ndilo ninalogawia gharama zote. Wanaopasua kwa msumeno wa mkono, wa watu wawili, njia yao ni nyembamba na mbao zao huongezeka, ila hapo jasho ndilo linalopanda bei.

Halafu mvule una vituko vyake. Katikati ya gogo cheche ziliruka, mashine ikapiga kelele mbaya. Tulipopanua ufa tukaona jiwe jeupe, gumu, limekaa ndani ya mbao kama limepandwa. Mvule hujitengenezea mawe hayo ya chokaa wenyewe, na meno ya mnyororo hayafui dafu. Minyororo ya bei ya chini inayotembezwa sokoni sitaki hata kuisikia. Stihl wa kweli ukiunoa unarudi kazini. Ukipasua mvule, weka mnyororo kwenye bei.

Ya nne ilikuwa ukavu, lakini tajiri hakunipa nafasi ya kueleza. Nilimtajia bei mbili: mbichi, bado za manjano, achukue leo, au kavu, za kahawia, arudi baada ya kiangazi aongeze pesa. Akachukua mbichi, akalipa dola mkononi, kisha akaomba mabanzi yote "kama nyongeza". Nilikataa. Majirani huyanunua kwa mabanda ya kuku na kwa kuni, na pesa hiyo ndiyo inayonilipia mafuta ya gogo linalofuata.