Gari Likikataa Kuwaka, Tazama Vichwa vya Betri Kwanza



Msimu wa maembe uliopita mkulima mmoja wa Shimba Hills alipakia pikapu yake usiku ili afike soko la Kongowea mapema. Saa kumi za alfajiri alipozungusha ufunguo alisikia "ta!" mara moja tu, kisha kimya. Fundi akamwambia betri imekufa. Akakopa fedha, akanunua betri mpya Ukunda, na saa saba mchana gari likawaka. Maembe yalikuwa yamekwisha pigwa na jua, na bei ya asubuhi imepita.

Miezi miwili baadaye gari likakataa tena, na betri ni ile mpya! Siku alipokuja kuuliza habari za miche tulifungua boneti pamoja. Betri ilikuwa nzima. Kibano cha waya kilikuwa kimejaa unga wa samawati, kama ukungu wa mkate wa juzi. Fundi alipofunga betri mpya alikuwa amekikwangua kibano kile kidogo bila kukusudia, ndiyo maana gari likawaka. Na ile betri ya kwanza, aliyoiuza kwa bei ya chuma chakavu, huenda nayo haikuwa na kosa.

Unga huu watoka wapi? Ndani ya betri mna mabamba ya risasi na maji makali ya asidi. Betri inapojazwa umeme, mvuke wa asidi hupenya kidogo kidogo kandokando ya vichwa. Ukila risasi hufanya unga mweupe. Ukila shaba ya waya hufanya unga wa samawati au kijani. Nasi wa pwani tuna la ziada, kwani upepo wa bahari huleta chumvi na unyevu. Gari linalolala nje Diani au Msambweni hupata kutu upesi.

Unga hauupitishi umeme vizuri. Mfano wake ni mpira wa maji ulioziba kwa tope: kikombe kitajaa, lakini shamba halitanyweka. Taa ndogo huwaka, maana hutaka umeme kidogo. Stata hutaka mwingi kwa mara moja, pengine zaidi ya ampea 100, na hapo ndipo njia hushindwa.

Basi kabla ya kukopa, jaribu hivi. Washa taa kubwa, mwenzako apige stata. Taa zikififia sana, betri haina nguvu au njia imeziba vichwani. Taa zisipobadilika na stata isiseme kitu, kosa li kwenye stata au nyaya zake. Tena, baada ya kupiga stata, gusa vibano kwa uangalifu. Kilicho moto ndicho kibovu. Mwenye kipimo cha volti aipime betri gari likiwa limepumzika: 12.6 ni betri iliyojaa, 12 inakaribia kuwa tupu.

Sasa kusafisha. Ondoa ufunguo, vua saa na pete, vaa miwani. Sigara iwe mbali, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka. Fungua kwanza waya wenye alama ya kutoa (−), kisha wa kujumlisha (+). Usigeuze utaratibu huu. Waya wa kutoa umeshikana na bodi ya gari. Ukianza na ule mwingine, na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka usoni mwako.

Dawa iko jikoni: magadi. Koroga kijiko kimoja katika kikombe cha maji ya vuguvugu, mimina juu ya unga. Litatoka povu, hiyo ni asidi inauawa. Vifuniko vya betri viwe vimekazwa, maana magadi yakiingia ndani yataua asidi ambayo betri yaihitaji. Sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka risasi ing'ae, suuza kwa maji safi, kausha. Rudisha wa kujumlisha kwanza, wa kutoa mwisho, kaza, ndipo upake grisi juu. Usigonge kibano kwa nyundo.

Asidi ikikuingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali, Msambweni au Kwale, iliyo karibu.

Betri yenye vifuniko iongezwe maji ya betri peke yake. Maji ya kisima, hasa visima vyetu vya karibu na bahari, yataiharibu.

Nawa mikono kabla ya kula, na matambara yale usiyaache kuku na mbuzi wakayafikia, kwa kuwa risasi ni sumu. Wenzetu wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa mwaka 2014. Betri iliyokufa kweli irudishe dukani unaponunua nyingine. Usiivunje uani watoto wakacheza na mabamba yake.