Swali na Jibu: Kufunga Upya Sailensa ya Mashine ya Nyasi

SWALI: Msomaji ana mashine ya nyasi ya zamani ya tustroki, aina ya Victa. Sailensa yake imelegea, inapiga kelele na kuvuja moshi. Je, aiondoe kabisa?

JIBU: Asiiondoe. Kwenye tustroki, sailensa hufanya zaidi ya kupunguza kelele: msukumo wa moshi husaidia kuzuia mchanganyiko mpya wa petroli na hewa usitoroke kabla ya kuungua. Bila sailensa, injini hupoteza nguvu.

Kwanza injini ipoe, kisha waya wa plagi uchomolewe. Bolti zenye kutu zipakwe mafuta ya kulegeza na kuachwa usiku kucha. Zisilazimishwe, maana nyuzi za silinda zinaweza kukatika.

Sailensa ikishatoka, tundu la moshi likaguliwe. Mafuta yanayochanganywa na petroli huacha masizi magumu yanayoliziba kidogo kidogo. Injini izungushwe hadi pistoni ifunike tundu, masizi yakwanguliwe kwa kijiti, si bisibisi, na vipande vyote vitolewe kabla ya kuizungusha tena.

Gasketi ya zamani ikwanguliwe yote, iwekwe mpya inayohimili joto. Bolti zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, pamoja na washa za springi.

Injini ikiwashwa dakika chache na kupoa, bolti zikazwe tena. Sailensa iliyotoboka kwa kutu ibadilishwe.