Mfamasia wa Kanyaruchinya: Mwaka Mmoja Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Huko Marekani, mfamasia anayetaka ubingwa wa magonjwa ya kuambukiza hukaa hospitalini chini ya wasimamizi miaka miwili baada ya shahada: wa kwanza kwa tiba kwa jumla, wa pili kwa maambukizi peke yake. Hapa Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma, hatuna nafasi hiyo, ila wagonjwa wa kujifunzia hawakukosekana. Waliokimbia vita walipiga kambi hapa mwaka 2012, wakajaa tena kuanzia 2022, na kipindupindu kikawafuata. Mwongozo huu wa mafunzo ya mwaka mmoja wodini ni wa mfamasia kijana aliyemaliza masomo Bukavu au Kinshasa, ambaye mpaka sasa kazi yake inaishia kwenye dirisha la kutolea dawa.

Kwanza, pata msimamizi na ruhusa ya maandishi. Zungumza na daktari mkuu wa zoni ya afya ya Nyiragongo. Barua iseme utapita wodini na madaktari kila asubuhi, na kwamba unaweza kupendekeza dawa ibadilishwe au isimamishwe. Uamuzi unabaki kwa daktari. Bila barua hiyo utarudishwa stoo wiki ya kwanza.

Pili, anzia kwenye kipindupindu. Ni shule kali, maana kinaua kwa saa chache na hesabu yake haina huruma. Mtu mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa kabisa anahitaji mililita 100 za maji ya Ringa ya mshipani kwa kila kilo, yaani lita 5: lita moja na nusu katika nusu saa ya kwanza, lita tatu na nusu katika saa mbili na nusu zinazofuata. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa kiasi hichohicho kwa kilo, lakini polepole: sehemu ya kwanza kwa saa moja, iliyobaki kwa saa tano. Piga hesabu hiyo mbele ya muuguzi, kisha rudi stoo uhesabu chupa zilizopo. Hapo utajua kituo kinaweza kupokea wagonjwa mahututi wangapi usiku huo, na utaagiza kabla chupa hazijaisha.

Antibiotiki huja baada ya maji. Mtu mzima aliye hatarini hupewa doksisaiklini miligramu 300 mara moja tu, ikiwa vimelea vya eneo bado vinaisikia. Sharti hilo la mwisho ndilo kazi yako hasa. Mwezi Julai 1994, kipindupindu kilipowavamia wakimbizi wa Rwanda hapa Goma, vimelea vilikuwa sugu kwa dawa hiyohiyo, na kuhara damu kulikofuata kulishinda dawa nyingi za kawaida. Inakadiriwa watu 50,000 hivi walikufa katika mwezi wa kwanza. Wengi wao wangeokolewa na maji ya kutosha yaliyotolewa na mikono iliyozoea. Naomba kila mwanafunzi aisome habari hiyo kabla ya kugusa chupa ya maji ya mshipani.

Tatu, fanya urafiki na maabara. Mwanzoni mwa kila mlipuko, hakikisha sampuli za kinyesi zimechukuliwa kabla ya antibiotiki na kufika maabara ya taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba (INRB) mjini Goma. Jibu likirudi, lipeleke wodini mwenyewe siku hiyohiyo, ukiwa na pendekezo mkononi.

Nne, weka daftari la maamuzi. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limegawa antibiotiki katika makundi matatu: za kuanzia, za tahadhari na za akiba. Kila mgonjwa aliyepewa seftriaksoni, ambayo ni ya tahadhari, mwandike: sababu, dozi, siku, pendekezo lako, na kilichotokea. Kila Ijumaa msimamizi akuhoji juu ya kurasa hizo. Mimi naliamini daftari kuliko mtihani wowote, kwa sababu linaonyesha ulivyofikiri mgonjwa akiwa bado kitandani.

Tano, soma utafiti uliofanyika kwetu. Anza na ule wa Ebola ulioanzia Beni mwishoni mwa 2018, uliolinganisha dawa nne na kuonyesha kuwa mbili ziliokoa maisha zaidi. Uliza dawa hizo zilitunzwaje kwenye baridi, nani alizichanganya, na nani alihesabu chupa.

Mwisho, tafuta cheti. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Muhimbili (MUHAS) cha Dar es Salaam vina shahada ya uzamili katika famasia ya kliniki. Masomo ni kwa Kiingereza, nawe umesomeshwa kwa Kifaransa, kwa hiyo anza kujifunza lugha hiyo mwezi uleule unaoanza wodini, na daftari lako lifungashe pamoja na maombi.