Umbo la Protini na Kazi Yake: Kompyuta Hukisia, Maabara Huthibitisha

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja, na kazi yake hutegemea umbo hilo. Programu ya AlphaFold hutabiri umbo kutokana na mpangilio wa asidi amino. Kufikia mwaka 2022 hazina yake ilikuwa na maumbo zaidi ya milioni 200. Programu nyingine huyalinganisha na maumbo ya protini zinazojulikana, na kutafuta vishimo ambamo dawa au kemikali hunasa. Hivyo ndivyo kazi ya protini mpya inavyokisiwa.

Lakini makisio yana mipaka. Katika ugonjwa wa selimundu, asidi amino moja tu kati ya 146 za mnyororo wa beta wa himoglobini, yaani glutamati, huwa valini. Umbo la mnyororo karibu halibadiliki. Hata hivyo, himoglobini iliyokwisha kuachia oksijeni hushikamana kuwa nyuzi, na chembe nyekundu hupinda.

Kwa hiyo, kipimo cha vinasaba kikionyesha badiliko lisilojulikana maana yake, mgonjwa aelezwe kuwa utabiri wa kompyuta ni kidokezo tu. Matibabu yasianzishwe wala kusitishwa kwa msingi huo pekee. Dalili, historia ya familia na vipimo vya maabara ndivyo viamue.