Kamera Ipi Tununue? Somo Dogo Kuhusu Fadhila ya Busara



Nilipokuwa kwenye mwaka wa uchungaji parokiani, vijana waliniletea bahasha. Walikuwa wamechanga kwa miezi minane: wengine wakiuza maandazi baada ya Misa ya pili, wengine wakiosha magari ya waumini. Wakaniambia, "Frateri, tunataka kamera ya parokia. Wewe unajua mambo haya, tuchagulie."

Kumbe "kujua" kwangu kulikuwa kupiga picha za mahafali seminarini tu! Lakini nani anakataa sifa?

Zikabaki kamera mbili. Ya kwanza ni Canon EOS 5D Mark III, kamera ya wataalamu ya mwaka 2012, iliyokwisha kutumika. Ya pili ni Canon EOS R50, toleo la 2023, mpya kabisa ndani ya boksi. Ukijumlisha na lenzi, bei zilikaribiana. Moyoni nilishachagua ile ya kwanza kabla hata sijaketi kufikiri. Sababu nitaisema baadaye, maana inanihusu mimi kuliko kamera.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru tendo lifanyike. Tuyapitie moja moja.

1. Kutafuta shauri: vijue vitu kama vilivyo

Usidanganywe na megapikseli. 5D Mark III ina 22.3, R50 ina 24.2, hapo tofauti ni ndogo mno. Tofauti kubwa ni sensa, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga. Sensa ya 5D ina milimita 36 kwa 24, na eneo lake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya sensa ya R50. Ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu, hiyo ni faida ya kweli. Tena ina nafasi mbili za kadi: moja ikiharibika, picha za ndoa ya watu hazipotei.

R50 nayo ina yake. Inapiga video ya 4K, wakati 5D inaishia Full HD. Inatambua jicho la mtu na kulifuata hata akitembea. Ina Wi-Fi, picha inaingia kwenye simu pale pale. Na uzito wake ni gramu 375 hivi. Mwenzake ni karibu gramu 950 kabla hujafunga lenzi.

Kamera iliyotumika ina maswali yake. Shata ya 5D Mark III ilipimwa kwa mibofyo 150,000. Sasa piga hesabu: mpigapicha anayepiga picha 2,000 kila arusi, arusi 40 kwa mwaka, anafikisha 80,000. Kabla miaka miwili haijaisha, ameumaliza ule upimaji. Si kwamba kamera itakufa siku hiyo, ila umenunua kitu kilichochoka. Basi ukienda kuikagua, piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya vumbi kwenye sensa. Imulike lenzi uone kama ina ukungu. Jaribu nafasi zote za kadi na kila kitufe.

Halafu omba risiti. Mimi nilipoiomba, muuzaji alicheka: "Wewe ni mtu wa Mungu bwana, niamini tu." Sikumshtaki moyoni kwamba ni mwizi, maana sina ushahidi. Lakini amri ya saba haimhusu anayeiba peke yake. Anayenunua huku amefumba macho ili asijue mali imetoka wapi, naye ajiulize.

2. Kuhukumu: kwa ajili ya nini?

Katika filosofia tulifundishwa kwamba chombo hupimwa kwa lengo lake. Panga na wembe, kipi bora? Swali hilo halina jibu mpaka useme unakwenda kukata nini.

Tukakaa na vijana, tukaandika kazi zenyewe: picha za Kipaimara na Komunyo ya Kwanza, video fupi za mafundisho, kutuma picha jioni ile ile, na kwenda vigangoni kwa bodaboda. Bado nikaendelea kuitetea 5D. Nikasema "ubora", nikasema "utaalamu". Mama mlezi wa vijana akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu: "Frateri, wewe Juni unaondoka. Hiyo kamera nzito atabaki nayo nani?"

Nilinyamaza. Ukweli ni kwamba nilikwisha kujiona mimi, karibu na altare, kamera kubwa shingoni, watu wakinong'ona kwamba frateri huyu ni mtaalamu. Nilikuwa nachagua kamera yangu kwa pesa za maandazi ya watoto wa watu. Shahada ya filosofia ninayo, lakini majivuno yangu niliyaita "ubora" na sikushtuka.

3. Kuamuru: amua, kisha beba matokeo

Tulinunua R50. Je, mambo yakawa shwari? Hapana. Mkesha wa Noeli picha nyingi zilitoka na giza, nyingine zimetikisika. Lenzi iliyokuja nayo, ikivutwa mpaka mwisho, inafunguka f/6.3 tu. Vijana wakanitazama, nami sikuwa na la kujitetea. Tukachanga tena, tukapata lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo inaingiza mwanga mara 12 hivi ya ile. Pasaka ilikuwa afadhali sana.

Ningekuwa nimehesabu gharama yote tangu mwanzo, kama yule mjenzi wa mnara katika Lk 14:28, ningewaambia mapema kwamba lenzi nayo ni sehemu ya bei. Busara haikuondolei kila hasara, lakini inakufundisha kuikubali na kurekebisha.

Naomba usinielewe vibaya: sisemi kipya ndicho bora. Kama kazi yako ni picha za mnato kwenye mwanga hafifu, lenzi zake unazo tayari, na muuzaji unamfahamu na risiti anayo, ile ya zamani inaweza kuwa chaguo sahihi kabisa. Busara ni ile ile, ila jibu linaweza kuwa tofauti.

Juni niliondoka. Juzi nimetumiwa picha za Kipaimara kutoka kule, zimepigwa na binti ambaye alikuwa hajawahi kushika kamera. Nyingine zimekatwa vichwa kidogo, lakini nilizitazama zote.

Ya kutafakari wiki hii: Kitu gani unakitamani sasa, simu, kozi, au hata uchumba? Je, unakitaka kwa ajili ya kazi iliyo mbele yako, au kwa ajili ya macho ya watu? Nani anaweza kukuuliza swali lile la mama mlezi, na je, utamsikiliza?

Tusali: Ee Bwana, utujalie busara ya kuona kitu kama kilivyo, unyenyekevu wa kuulizwa, na moyo wa kukubali tulipokosea. Amina.

Tuombeane.