Usafishaji wa Damu Nyumbani na Mzigo wa Mlezi

Figo za binadamu huchuja damu usiku na mchana. Zinaposhindwa kabisa, yurea na maji ya ziada hulimbikizana mwilini, na mgonjwa hufa asipopatiwa njia nyingine ya kusafisha damu.

Njia mojawapo hutumia peritonea, yaani utando laini unaofunika matumbo na kuta za ndani za tumbo. Maji maalumu yenye glukosi, kwa kawaida lita 2 kwa mtu mzima, huingizwa tumboni kwa mpira mwembamba na kuachwa humo kwa saa 4 hadi 6. Uchafu hupenya utando kutoka katika damu, ambamo ni mwingi, na kuingia katika maji hayo, ambamo ni mchache. Maji ya ziada nayo huvutwa kwa osmosisi. Kisha maji yaliyotumika hutolewa na mapya huingizwa. Popovich na Moncrief walieleza njia hii huko Texas, Marekani, mwaka 1976.

Wagonjwa wengi hujihudumia wenyewe. Lakini mwenye macho hafifu au mikono dhaifu humtegemea mke, mume au mtoto. Tufanye hesabu: kubadilisha maji mara 4 kwa siku, kila mara dakika 30, ni saa 2 kwa siku, au saa 14 kwa juma, bila sikukuu. Maji yenyewe ni lita 8 kwa siku, takriban kilo 8 za kubeba.

Hatari iko hapa. Kila mara mpira unapofunguliwa, vijidudu vyaweza kuingia. Mlezi aliyechoka husahau kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha, au hugusa mdomo wa mpira. Maji yanayotoka yakiwa meupe kama yaliyooshea mchele, au mgonjwa akiumwa tumbo na kupata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kumpumzisha mlezi si hisani tu. Ni sehemu ya tiba.

Mzigo hupunguzwaje? Kwanza, wafundishwe watu wawili nyumbani, si mmoja. Pili, mgonjwa aachiwe kazi anazoziweza, kama vile kupima uzito wake na kuandika daftari. Tatu, ipo mashine inayobadilisha maji usiku mgonjwa akiwa amelala. Mlezi huunganisha jioni na kufungua asubuhi. Nne, nchini Ufaransa wauguzi huwatembelea nyumbani wagonjwa wasioweza kujihudumia. Tano, wauguzi wamwulize mlezi hali yake pia, kwani wengi huona haya kusema kwamba wamechoka.

Umoja ni nguvu. Kazi inayomlemea mtu mmoja huwa nyepesi inapogawanywa.

Maswali
1. Kwa nini maji yanayoingizwa tumboni hutiwa glukosi?
2. Mgonjwa anayebadilisha maji mara 4 kwa siku hufanya hivyo mara ngapi kwa mwaka wa siku 365?
3. Jadili: uchovu wa mlezi unawezaje kuwa chanzo cha maambukizo kwa mgonjwa?