Gongo Kubwa la Dukani: Kulitambua Kabla ya Kulisafisha

Besiboli ni mchezo upendwao mno nchini Marekani. Kwa msomaji asiyeujua, yatosha kueleza kwamba mchezaji mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na mwenzake wa upande wa pili hujaribu kuupiga kwa gongo la mti. Kanuni za ligi kuu ya huko zaagiza kwamba gongo lisizidi urefu wa sentimeta 106.7 wala kipenyo cha sentimeta 6.6. Lakini katika maduka ya vifaa vya michezo yalikuwa yakitundikwa magongo yenye urefu wa mita mbili au tatu, na glavu ambazo mtoto mchanga angeweza kulazwa ndani yake. Vitu hivyo havikutengenezwa vichezewe, bali vilikuwa matangazo ya biashara. Siku hizi wako watu wanaovikusanya na kuvinunua kwa fedha nyingi, na hapo huzuka swali lililo la kemia na fizikia kuliko la michezo: kitu cha namna hiyo kikitufikia kimejaa vumbi na moshi wa miaka mingi, kimetengenezwa kwa nini, nacho kitasafishwaje pasipo kuharibiwa?

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilimwona mtu mmoja akilisafisha gongo kama hilo kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Kitambaa kiligeuka rangi ya kahawia, naye akafurahi kwamba uchafu unatoka. Kumbe kilichokuwa kikitoka si uchafu, bali ni vanishi ya asili, na pamoja nayo ikaondoka alama ya kiwanda iliyokuwa imebandikwa juu yake. Kwa muda wa dakika tano gongo lilipoteza ushahidi wote wa asili yake. Kosa lake halikuwa uvivu. Alifanya kazi kwa bidii sana. Hakujiuliza kwanza mbele yake pana kitu gani.

Tuanze na uzito, maana hapo fizikia ya darasani yatosha kabisa. Urefu wa kitu ukizidishwa mara tatu, bila kubadili umbo lake, eneo la uso wake huzidi mara tisa, na ujazo wake huzidi mara ishirini na saba. Gongo la kawaida lenye urefu wa sentimeta 86 lina uzito wa gramu 900 hivi. Likikuzwa mara tatu, kwa mti ule ule, litakuwa na urefu wa mita 2.6 na uzito wa kilo 24. Basi, ukiletewa gongo la urefu huo ukaliinua kwa mkono mmoja na kukuta halifiki hata kilo saba, huna haja ya chombo chochote kujua kwamba ama lina uwazi ndani, ama si la mti ule.

Mfano mkubwa kuliko yote umesimama nje ya makumbusho ya Louisville Slugger katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, yaliyofunguliwa mwaka 1996. Ni gongo lenye urefu wa mita 36.6, lililoegemezwa ukutani mwa jengo. Tukifanya hesabu, urefu huo ni zaidi kidogo ya mara 42 ya gongo la sentimeta 86, na kipeo cha tatu cha idadi hiyo ni kama 77,000. Kama lingekuwa mti mtupu, lingefikia uzito wa tani 69. Kama lingekuwa chuma kitupu, lingekaribia tani 800. Uzito wake halisi ni kama tani 31. Ni bomba la chuma cha pua ya kawaida ya ujenzi, lililopakwa rangi kwa mkono hata likafanana na mti. Mtu ambaye angelitunza kwa mafuta ya kutunzia mbao angekuwa anapaka mafuta juu ya rangi, huku adui halisi, yaani kutu, akiendelea na kazi yake chini.

Kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Hata hivyo, macho yenye lenzi ya mkono huweza kugundua mengi. Mistari ya mti halisi haikuzwi pamoja na kitu: vinyweleo vya mti hubaki vidogo vile vile hata kama gongo ni kubwa kama nguzo ya simu, ilhali mchoraji huikuza mistari yake ili ipendeze kwa mbali. Tazama pia kitako cha gongo. Katika mti halisi, mistari ya ubavuni huungana na pete za umri zinazoonekana kwenye kitako. Mara nyingi gongo kubwa la mti halisi limeunganishwa kwa vipande vingi kwa gundi, na mishono yake huonekana. Mahali palipochubuka huonyesha kilichomo: unga mweupe wa plasta, tabaka za karatasi na gundi, au nyuzi za faibaglasi. Hizi za mwisho zilienea katika biashara baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hivyo gongo la faibaglasi linalosemwa kuwa la mwaka 1910 linajikanusha lenyewe.

Maandishi nayo yana tarehe zake. Kampuni inayotengeneza magongo ya Louisville Slugger ilianza kuitwa Hillerich & Bradsby mwaka 1916; namba za posta zenye tarakimu tano zilianza kutumika Marekani mwaka 1963; na skrubu zenye mfuo wa msalaba kichwani zilienea tangu katikati ya miaka ya 1930. Lakini tahadhari: skrubu huonyesha umri wa skrubu. Huenda ilitiwa na fundi aliyekuja kurekebisha baadaye.

Taa ya miali ya urujuanimno husaidia sana, nayo haigusi kitu. Katika chumba chenye giza, vanishi ya shelaki, itokanayo na utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, hung'aa rangi ya machungwa. Nguo, nyuzi au karatasi ing'aayo buluu nyeupe kwa ukali huenda ina ving'arishi vya kemikali, ambavyo vilienea kuanzia karibu na mwaka 1950. Mahali palipopakwa rangi upya huonekana kama madoa yasiyolingana na sehemu nyingine. Uchunguzi kama huu si anasa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliuvunja mtandao mkubwa wa watu waliokuwa wakighushi saini za wachezaji na kumbukumbu nyingine za michezo.

Baada ya hapo ndipo tunapokaribia kioevu. Chukua kijiti chenye pamba, ukilowe kidogo, uguse mahali pasipoonekana, eneo lisilozidi punje ya mchele. Shelaki huyeyuka katika spiriti. Laka ya selulosi huyeyuka katika asetoni. Vanishi ya mafuta iliyokauka miaka mingi huvivumilia vyote viwili kwa muda. Jaribio hili ni la kutambua, si la kusafishia. Asetoni isikaribie plastiki kamwe, kwani baadhi yake hulainika papo hapo.

Usafishaji wenyewe huanza kwa brashi laini na mashine ya kuvuta vumbi ambayo mdomo wake umefungwa wavu. Mara nyingi kazi huishia hapo. Pakihitajika zaidi, hutumiwa maji yaliyotoneshwa, kwa pamba iliyokamuliwa, sehemu ndogo baada ya sehemu ndogo. Wanafunzi watacheka nikiwaambia kwamba wahifadhi wa makumbusho hutumia hata mate: yana vimeng'enya, si makali, na huondoa uchafu ambao maji matupu hushindwa kuuondoa.

Glavu za ngozi zahitaji uangalifu wa pekee. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ina asidi kiasi, na sabuni ya kawaida, iliyo alkali, huivuruga. Mafuta nayo hupendeza siku ya kwanza, kisha hunasa vumbi na kuigeuza ngozi kuwa nyeusi.

Rangi ya zamani haipigwi msasa. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978, na vitu vya kabla ya hapo vyaweza kuwa nayo. Vumbi la risasi hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Mwalimu aweza kuonyesha maabarani jinsi tone la sodiamu salfaidi linavyoigeuza rangi nyeupe ya risasi kuwa nyeusi, kwa kufanyika salfaidi ya risasi. Atumie kipande kilichokwisha kubanduka, madirisha yakiwa wazi, wala asichanganye na asidi.

Zoezi: Mpira wa besiboli una mzingo wa sentimeta 23 na uzito wa gramu 145. Duka moja lina mpira wa maonyesho wenye mzingo wa mita 2.3 na uzito wa kilo 20. Tafuta uzito ambao ungekuwa nao kama ungetengenezwa kwa vitu vile vile, kisha ueleze ungeanza kuuchunguza wapi.